Samaki Aliyenunuliwa kwa Ng'ombe wa Mwisho

Mdogo wangu alikuwa mpumbavu. Nilimwambia hivyo akiwa hai, kwa hiyo sioni kwa nini nianze kumpamba sasa. Kwetu jina la mtu aliyekufa halitajwi, nami sitalitaja. Nitasema tu yule.

Yule alikuwa kitinda mimba. Kwa desturi yetu kitinda mimba ndiye hubaki na mama na ng'ombe wa mama. Mimi mkubwa nilisoma hadi darasa la saba, nikaenda Kitengela kukata nyama kwenye bucha ya mtu, na baadaye kwenye bucha yangu. Yeye alibaki Mashuuru na mifugo. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, wakati Kitengela ilikuwa barabara moja, vibanda, na nyumbu wakipita nyuma ya machinjio. Halafu watu wa Nairobi wakaanza kutafuta ploti, na mdogo wangu akagundua kwamba ana kipaji. Alikuwa anaweza kusimama kwenye nyasi tupu, akanyoosha mkono, na mtu mwenye viatu vizuri akaona nyumba mahali ambapo hakuna kitu. Akawa dalali. Alianza na ardhi za wengine, akaja kwenye sehemu yetu, kisha akaingia kwenye ng'ombe. Kila alipouza wawili au watatu alimwambia mama kwamba ni kwa muda tu, atawarudisha.

Alijenga nyumba ya ghorofa Kitengela, yenye nguzo mbele kama benki, na uani hapakuwa na hata mbuzi. Nilimwuliza akiamka asubuhi anatoka kuangalia nini.

"Naangalia simu," alisema.

Ng'ombe wa mwisho alikuwa jike mwekundu mwenye pembe moja iliyoinama hadi karibu na jicho. Mama alimpenda huyo kuliko wote. Mdogo wangu alimbadilisha na samaki.

Sisemi kwa mafumbo. Alikuwa ameona tangi la kioo kwa mteja wake mmoja, sebuleni, lenye taa ndani, na toka siku hiyo hakulala vizuri. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe alijuana na muuzaji wa samaki huko Nairobi, wakaelewana wao kwa wao. Ng'ombe akaenda upande mmoja, na upande wa pili likaja tangi refu kama jeneza, likabebwa na wanaume wanne. Ndani yake alikuwa samaki mmoja tu, mweusi mwenye madoa ya rangi ya machungwa, mpana kama sahani ya ugali wa watu wawili. Alikuwa wa mzungu fulani aliyehama nchi.

Aliniita nikamwone. Nilikwenda na aproni yangu ya bucha, sikuona haja ya kubadilisha nguo.

"Umeona vile ametulia?" aliniuliza.

"Ametulia kwa sababu hana pa kwenda."

"Muuzaji amesema wenye ukubwa kama huu ni wachache Kenya hii."

"Anakula nini?"

"Bado hajaanza. Ni mgeni, atazoea."

"Yaani umetoa ng'ombe anayekula nyasi za bure, ukachukua kitu kisichokula."

Akacheka. Hiyo ndiyo iliyokuwa tabia yake mbaya kuliko zote. Ukimtukana anacheka, mpaka wewe unayetukana unachoka. Alinikaribisha chai, nikanywa nimesimama, nikarudi kazini. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu ya mwisho, na hakuna neno ndani yake ambalo ningelibadilisha.

Alikufa wiki hiyo hiyo. Alikuwa akimwonyesha mteja mpaka wa ploti. Aliinama kuonyesha bikoni, lile jiwe la mpaka, hakuinuka. Presha, walisema hospitalini. Mteja, nilisikia, alimaliza kuonyeshwa ploti na dalali mwingine jioni ile ile.

Basi nyumba ikajaa. Katika matanga watu hukaa hadi siku ya mazishi, na mazishi yalipangwa Jumamosi, Mashuuru. Nimehudhuria matanga mengi na sikumbuki mengine niliyoyadharau kama yale. Madalali wenzake walikuja na miwani ya jua, wakakaa kwenye makochi na kunong'onezana kuhusu ploti. Wajomba walikuja kuona ukubwa wa nyumba. Mhubiri alikuja, na hata katika maombi jicho lake moja lilikuwa kwenye kioo, akamwingiza samaki katika mahubiri yake bila sababu. Kila aliyeingia alimpa mjane mkono wa pole, kisha akaenda moja kwa moja kwenye tangi kugonga kioo kwa kidole. Taa ya tangi iliwaka mchana na usiku. Samaki alisimama kwenye kona, amekunja mapezi, akiwatazama wote kwa uso wa mtu aliyelazimishwa kuja.

Kwa hilo tu nilikubaliana naye.

Mama aliletwa kutoka Mashuuru kwa pikapu. Alikuwa tayari amenyoa nywele. Aliwasalimu watu kama inavyotakiwa, akakaa, na swali lake la kwanza likawa, "Ng'ombe wake, aliosema atawarudisha, wako wapi?"

Mjane alitazama sakafu. Mwishowe dalali mmoja, kijana wa ukoo wetu ambaye hakuwahi kujua wakati wa kunyamaza, akamwita mama kwa lugha ya kwetu, akasema, "Yeyo, alikuwa amebaki na yule mwekundu tu. Alimbadilisha na huyu." Akaonyesha tangi kwa kidevu.

Lazima nieleze jambo hapa. Sisi ni watu wa ng'ombe. Zamani kwetu samaki alihesabiwa ni jamaa wa nyoka, na wazee wa rika la baba wasingekaa karibu na mtu aliyemla. Watoto wetu siku hizi wanakula bila wasiwasi, lakini mama yangu hakuwahi hata kumgusa. Alipomtazama yule mnyama aliziba mdomo kwa ncha ya shuka yake. Nilidhani atatapika. Badala yake aliomba kigoda, akakiweka mbele ya kioo, akakaa hapo akiwa bado ameziba mdomo.

"Alitoa ng'ombe, akapokea huyu?"

"Ndiyo, yeyo," nilisema.

"Basi huyu ndiye ng'ombe." Alifikiri kidogo. "Amekula?"

"Hajala tangu aje."

Mtu kwetu hakai kunywa maziwa huku mfugo wake una njaa. Hilo tulifundishwa kabla ya kufundishwa kuvaa viatu. Mama alilichukua lilivyo. Mwanawe alikuwa ameacha mfugo mmoja duniani, na mfugo huo ulikuwa na njaa, basi yeye hangekula. Alikubali turungi, chai isiyo na maziwa, bila sukari, hakuna kingine. Alikuwa mwanamke mzee aliyesafiri kwenye pikapu kuja kumzika mwanawe wa mwisho, na kabla ya kesho yake kuisha alihitaji mtu wa kumshikia kikombe. Jumamosi alitakiwa kusimama kaburini kwenye jua. Kila mtu ndani ya nyumba alijua kwamba samaki asipokula, tutamzika mama pia.

Hapo ndipo upumbavu ulipoanza rasmi.

Madalali walimwaga punje zote za chakula alizoacha muuzaji, mkebe mzima. Zikaelea, zikavimba, zikazama. Mjomba mmoja aliingia kwenye bucha yangu bila ruhusa, akachukua ini, akalikata vipande na kulitupa ndani. Maji yakawa ya rangi ya kutu. Mwingine alitupa chapati. Mtu mzima, mwenye watoto chuoni, alimtupia samaki chapati kisha akamwambia, "Kula, bwana, usituaibishe."

Mama naye alifanya anachokijua. Ng'ombe akipoteza hamu ya kula hupewa magadi. Alikuwa na kipande kwenye mkoba wake, akakivunja na kukitia kwenye maji kabla hatujamwona. Kisha, kwa sababu ndama mgeni huanzishwa na maziwa, akamimina na kikombe cha maziwa. Tangi lote likawa kama chai. Mle ndani tuliona kitu cheusi kikilala ubavu.

"Anakufa," alisema mjane.

Ni mimi na mjane tuliovua viatu tukaanza kutoa maji kwa ndoo. Sikumtuma mtu mwingine, na hakuna mwingine aliyejitolea. Makochi yalikuwa yamejaa. Maji ya kisima cha Kitengela yana chumvi na huwatia watoto meno ya kahawia, kwa hiyo tulichota kwenye pipa lililojazwa na lori la maji siku zilizopita. Tulitoa nusu, tukarudisha nusu, tukafanya hivyo tena. Mjane alilia akifanya kazi bila kuacha ndoo. Sikuwa nimempenda sana hapo awali. Nilimwona mwanamke wa pazia na makochi. Siku hiyo nilianza kumheshimu, ingawa asubuhi iliyofuata aliharibu.

Samaki alikuwa amesimama wima tena, kwenye kona yake. Mjane alimwendea mama, akapiga magoti, akasema, "Mama, amekula. Nimeona mimi mwenyewe, asubuhi na mapema."

Wajomba wakadakia. "Amekula vizuri." "Hata mimi nimeona." "Amekula mpaka amebakisha." Mtu alikuwa tayari ameshika kibuyu cha maziwa.

Mama hakuwatazama. Alinitazama mimi mlangoni.

"Ero, kijana wangu, amekula?"

Najua mtu mwingine angesema nini. Lakini mimi sijui kufanya hivyo, na si kwa sababu mimi ni mwema. Ni kama mtu asiyeweza kupiga mluzi.

"Hajala, yeyo."

Alikisukuma kibuyu kando kwa mgongo wa kiganja. Wajomba walinivuta hadi kwenye korido.

"Wewe ukweli wako utaua mama yako," mkubwa wao aliniambia. "Ungekufa ukisema ndiyo?"

"Nyinyi mmesema ndiyo wanne. Amewaamini?"

"Wewe angekuamini."

"Ndiyo maana sitasema."

"Huyu amekaa na mizoga mpaka roho imekauka," mwingine akasema, na akaniacha hapo akarudi kwenye kochi lake.

Kwenye kioo, pembeni, kulikuwa na karatasi iliyobandikwa yenye namba ya muuzaji. Ilikuwa hapo siku zote. Watu waliokuwa wamegonga kioo hicho kwa vidole kutwa nzima hawakuwa wameisoma. Nilipiga simu nikiwa nimesimama uani. Aliitikia kijana aliyekuwa anatafuna kitu.

"Mzee, hiyo ni kawaida," alisema. "Samaki mkubwa akihama anaweza kukaa muda bila kula. Mmemfanyia nini?"

Nilimwambia yote. Akauliza kama nimesema maziwa.

"Nimesema maziwa."

"Sasa sikiza. Zimeni taa. Funikeni kioo. Watu waondoke hapo. Leo msimpe kitu, hata ukimwonea huruma. Kesho mpe kitu kimoja, kinachotembea. Panzi ama mnyoo. Huyo alizoeshwa panzi na mwenyewe wa kwanza."

"Ulimwambia ndugu yangu haya?"

"Nilimwambia. Alikuwa anaongea na simu ingine."

Niliamini. Ndiyo ilikuwa namna yake.

Nilirudi ndani nikazima taa ya tangi. Yule dalali wa ukoo wetu akainuka. "Mzee, hapana. Kesho kuna watu wakubwa wanatoka Nairobi. Hiki ndicho kitu alikuwa anajivunia. Tutafunika namna gani?"

Kabla sijamjibu neno ambalo ningelikumbuka kwa furaha hadi leo, mama alisimama kwa shida, akavua shuka yake nyekundu, ile ya juu, na kuitundika mbele ya kioo. Akachomeka ncha zake chini ya kifuniko kama mtu anayefunga mlango wa zizi.

"Ng'ombe aliyetoka sokoni haonyeshwi watu," alisema. "Macho yenu yote haya, hata mimi singekula."

Walihama na viti vyao hadi upande wa pili wa sebule, na kwa kuwa hapakuwa na cha kutazama, wengi wakakumbuka kwamba wana kazi. Jioni hiyo maombi yalikuwa mafupi.

Kesho yake nilikwenda kutafuta panzi nyuma ya machinjio, ambako nyasi zilikuwa bado ndefu. Mimi ni mtu mzito na panzi si mbuzi. Nilikuwa nainama, nafunika kwa kofia, nakosa, nasogea. Wachinjaji walikuwa wamekaa ukutani wakinywa uji.

"Sopa, mzee," mmoja alinisalimu. "Leo unachunga nini?"

"Ipa," niliitikia salamu. "Panzi."

"Wamenona?"

"Wanakutosha wewe."

"Na ngozi utatuuzia?"

Walicheka sana, na mmoja akashuka akanisaidia, akishika panzi kwa vidole viwili kama anayechuna upele. Nilirudi na panzi kwenye chupa ya soda yenye mashimo kwenye kifuniko. Nilijiona nilivyo: mwanaume mwenye mvi, mwenye bucha, amebeba wadudu barabarani kwenda kumlisha nyoka wa kioo aliyenunuliwa na mjinga. Sikuwahi kujidharau namna ile, na sijajidharau hivyo tena.

Alasiri sebule ilikuwa tupu. Mama alikuwa amelazwa chumba cha nyuma, hawezi tena kukaa kwenye kigoda. Niliinua kifuniko kidogo, nikaangusha panzi mmoja, nikainua pindo la shuka kwa upana wa jicho langu.

Panzi alipiga miguu juu ya maji. Samaki hakutikisika. Nilisubiri mpaka mgongo ukaniuma. Nikafikiria ng'ombe mwekundu, pembe yake, yuko wapi sasa, ameliwa na nani; huenda nyama yake ilipita kwenye bucha yangu mwenyewe nami nikaikata bila kujua. Mara samaki akageuka. Hakuja kwa haraka. Alikuja kama mzee anayeenda kulalamika kwa chifu, akasimama chini ya panzi, akamtazama, na maji yakapasuka. Panzi hakuwepo.

Kisha akafanya jambo ambalo sikutarajia. Alizunguka hapo hapo, mdomo ukiwa bado unatafuna, akitazama juu huku na huku, kama mtu anayetaka kujua kama kuna kingine. Nilimpa wa pili. Akamtema, akamfuata, akammeza.

Sijui ni giza, au panzi, au ni wakati wake tu ulikuwa umefika. Sitadai kwamba nilijua.

Nilikwenda chumba cha nyuma. Mjane alikuwa amekaa kitandani miguuni kwa mama. Mama alifungua macho.

"Amekula?"

"Amekula, yeyo."

"Umeona wewe?"

"Nimeona mimi. Panzi wawili. Wa pili alimtema kwanza."

Alinitazama muda mrefu kuona kama wajomba wameniharibu. Aliporidhika aliuliza, "Amekula namna gani?"

"Kwa pupa. Alimeza, kisha akaanza kutazama huku na huku kama kuna kingine. Mdomo ukiwa bado umejaa."

Kifua cha mama kikaanza kutikisika, na nikadhani analia, lakini alikuwa anacheka.

"Kama yule," alisema.

Ilikuwa kweli. Alipokuwa mdogo alikula hivyo hivyo, shavu limejaa na macho tayari kwenye bakuli langu. Nilimpiga kofi mara nyingi kwa sababu hiyo, na alicheka.

Mjane alimshikia mama kibuyu, na mama akanywa maziwa, kwanza kidogo, kisha kwa mikono yake miwili. Mimi nilitoka uani nikaziosha ndoo, ingawa zilikuwa safi. Niliziosha zote.

Jumamosi mama alisimama kaburini kwenye jua mpaka mwisho. Wajomba walisema mbele ya watu kwamba ni maombi yao.

Mtu akifa akiacha watoto wadogo, kama alivyoacha yule, mifugo yake hushikwa na ndugu mkubwa hadi wakue. Mama alisema hivyo siku ile ile ya mazishi, mbele ya wazee, na hakuna mzee aliyekuwa na uso wa kuuliza ni mifugo gani. Ndivyo tangi lilivyokuja nyuma ya bucha yangu, kwenye kona isiyo na jua, likiwa na shuka nyekundu mbele yake. Wateja walifunua na kuuliza kama huyo naye anauzwa kwa kilo. Nilikuwa nawaambia waache kugonga kioo.

Sikumpenda yule mnyama. Alikuwa na sura mbaya na tabia ya kufukua kokoto na kuzitema kwenye kioo wakati ninapohesabu vichwa vya mbuzi. Lakini nilimpelekea panzi mkononi, na wakati wa kiangazi, panzi wakiadimika, nilimchimbia minyoo kando ya maji machafu ya machinjio, katika umri wangu.

Mama aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Kila nilipofika Mashuuru aliuliza habari za mvua, kisha za watoto wa yule, kisha akaziba mdomo kwa ncha ya shuka na kuuliza, "Na ng'ombe?"

"Anakula, yeyo."

Hakuniuliza tena kama nimeona.